Barafu ya Mlimani, Moto wa Kisian

Kambi ya Bonde la Teleki,
kwa Posta ya Naro Moru
4 Desemba 1973

Mume wangu mpendwa Walter,

Natumaini barua hii itakukuta salama, na kwamba mitambo ya meli haijakunyima usingizi tangu nilipoondoka Kisumu. Sisi tumefika. Nasema "sisi" kwa maana ya mimi, Wakoli ambaye ndiye msaidizi niliyepewa na idara, na wapagazi walioteremka jana wakicheka kwamba wamebeba masanduku ya vioo kumpelekea mwanamke anayetaka kujitazama juu ya barafu.

Uliniuliza pale stesheni, garimoshi likiwa limekwisha kupiga king'ora, kwamba hasa ninakwenda kupima nini, nami nikakujibu kwa haraka na vibaya. Niruhusu nijaribu tena. Unajua omena, dagaa wetu wa ziwani, inavyoanikwa pale Dunga. Asubuhi ikiwa mbichi inang'aa hata mtu hufumba macho. Jua lote linaloiangukia hulirusha usoni pako. Kufikia alasiri imefifia, na unaweza kuitazama bila taabu. Theluji nayo ni hivyo. Ikianguka upya hurudisha angani sehemu kubwa mno ya nuru inayoipata. Ikikaa, hurudisha kidogo. Ile isiyorudishwa huingia ndani, na inayoingia ndani ndiyo inayoyeyusha. Tasnifu yangu ya udaktari, ukiivua majoho yake, inauliza swali hili moja: ni kitu gani kinachoiondolea theluji ya mlima huu mng'aro wake? Nadhani ni vumbi la mashamba ya chini, linalopandishwa na upepo. Nasema "nadhani", na tafadhali usiwaambie watu kwamba nimesema zaidi ya hapo.

Ala yangu ina vioo viwili, kimoja kikitazama jua na kingine kikitazama theluji. Ni lazima itulie kama maji ndani ya karai. Mmoja wetu huishika na mwingine husoma, wala hakuna anayeruhusiwa kutembea juu ya barafu peke yake kwa sababu ya nyufa. Kwa hiyo mimi na Wakoli tumefungwa pamoja kama maksai wa plau. Akiumwa mmoja, kazi imelala.

Tutapima kila asubuhi ya kiangazi hiki, kwa kuwa ninachofuatilia ni jinsi mng'aro unavyopungua siku kwa siku. Asubuhi zikikatika, mfuatano nao umekatika, na itanibidi kusubiri kiangazi cha mwaka mwingine, ikiwa idara itakubali kunisubiri. Sioni dalili kwamba itakubali.

Nina furaha, Walter. Ni baridi ambayo sina neno lake, lakini nina furaha.

Mkeo,
Nekoye


Kaloleni, Kisumu
19 Desemba 1973

Mke wangu Nekoye,

Barua yako imefika ikiwa na harufu ya mafuta ya taa. Nilikwenda kumsomea baba yako nyumbani kwake. Mzee Wasike alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama chuo kikuu kizima hakikuweza kumpatia binti yake kitu cha kupima chenye joto. Mama yako alimwambia anyamaze, naye akanyamaza, lakini aliitaka barua aishike mwenyewe.

Kule karakana wananiita Bwana Barafu. Gordon, yule fundi wa boila, aliniambia, "Omera, ndugu yangu, bibi yako ni mwerevu. Amepanda mlima ili asikupikie Krismasi." Nikamwambia wa kwake yuko hapa chini na bado yeye Gordon anakula kwa jirani. Hajazungumza nami tangu jana, kwa hiyo kazi inaendelea vizuri.

Sasa jambo lenyewe. Jumapili nilikwenda Kisian kuwaona wazee. Baba alinishika mkono akanipeleka hadi ule mteremko ulio juu ya barabara, unaotazama ziwa. Akasimama, akasema, "Hapa." Anataka tutoke katika boma lake tukaanzishe la kwetu, dala yetu wenyewe, na anataka iwe Januari kabla mvua haijakaribia. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza. Wadogo zangu hawawezi kutoka mpaka mimi nitoke. Baba ana kikohozi kidogo, si cha kutaja.

Je, unaweza kupata siku chache ushuke? Sikulazimishi. Nimesoma vizuri uliyoandika kuhusu kiangazi chako na nimeelewa. Nauliza tu.

Mumeo,
Walter Amolo


Kambi ya Bonde la Teleki
2 Januari 1974

Mume wangu mpendwa Walter,

Heri ya mwaka mpya. Barua yako ilipandishwa pamoja na gunia la viazi, nami niliisoma mara moja nikiwa nimesimama, nikafurahi. Nimeuona ule mteremko machoni pangu. Naomba dirisha la jikoni lielekee ziwani, maana sitaki kupika huku nikitazama ukuta.

Kuhusu kushuka, nimelifikiria jambo hilo kwa uaminifu. Theluji ya Novemba ndiyo kwanza imeanza kufifia, na mstari ninaouchora umeanza kuinama kama nilivyotarajia. Nikiondoka sasa nitakuwa nimeusikiliza mwanzo wa sentensi nikaondoka kabla ya kitenzi.

Kwa bahati nzuri, sioni kwamba kuna ulazima. Kwetu Bukusu mwanamume ndiye hujenga, naye mke hukaribishwa nyumba ikiwa tayari imesimama. Sijapata kusikia mke akiitwa kutazama nguzo zikichimbiwa. Basi jenga bila mimi. Nakuambia hivyo kwa moyo mweupe kabisa, wala usidhani kwamba nitanung'unika baadaye. Ikiwa siku hiyo kuna la kufanywa na mwanamke, dada yako Lornah yupo, au mwingine yeyote unayemwona anafaa kushika mahali pangu. Nitakuja mwezi wa Machi na kuikuta ikiwa tayari.

Mpe Baba pole kwa kikohozi. Tangawizi na asali.

Mkeo,
Nekoye


Kaloleni, Kisumu
14 Januari 1974

Nekoye,

Barua nimepata. Sitajenga. Endelea na kazi yako.

Walter


Kambi ya Bonde la Teleki
24 Januari 1974

Mpendwa Walter,

Nimeisoma barua yako nikijaribu kupata ndani yake zaidi ya maneno yaliyomo, na nimeshindwa.

Sitajifanya kwamba sikuumia. Nilikupa njia ambayo haikukunyima chochote: nyumba ungeipata, nami ningeimaliza kazi hii. Wewe umechagua kutojenga kabisa na kuniambia niendelee na kazi "yangu", neno ambalo hukupata kulitumia hivyo tulipokuwa tukijaza pamoja maombi ya nafasi hii pale mezani kwetu. Naanza kuhisi kwamba ulikubali kusoma kwangu maadamu hakukukugharimu kitu. Huenda ninakosea. Lakini mtu akipewa mistari mitatu hana budi kuhitimisha kwa mistari mitatu.

Huku nako mambo hayakuninyookea. Nilifagia theluji ya juu mahali pawili, ambapo vumbi lilionekana na ambapo halikuonekana, nikitarajia tofauti kubwa. Tofauti ni ndogo mno. Ama vumbi si mkosaji niliyemdhania, ama mimi ni mpimaji mbaya. Wakoli anasema ni la pili, lakini alikuwa amenuna kwa sababu nilimshinda karata.

Sijui tutazungumzaje juu ya hili kwa posta. Labda tungoje Machi.

Nekoye


Kisian
22 Januari 1974

Mke wa Walter,

Ni mimi mama mkwe wako, Anyango. Mimi ninasema kwa Kiluo, Lornah anaweka kwa Kiswahili. Pakiwa na kosa ni lake. (Hakuna kosa. Lornah.)

Walter alikuja hapa na barua yako mfukoni. Nilimpa samaki, ngege mzima. Yeye akamtazama ngege, ngege akamtazama yeye. Nikajua kuna maneno. Nikamwambia atoe hiyo karatasi Lornah aisome. Ilipofika pale unaposema mwingine yeyote ashike mahali pako, mimi niliweka bakuli chini.

Nyar Bukusu, binti wa Bukusu, nani alikufundisha maneno hayo? Kwenu mwanamume hujenga, sawa, kwenu ni kwenu. Huku mwanamume peke yake hawezi kuanzisha dala. Siku hiyo baba yake anatangulia kuonyesha mahali. Mwanamume anabeba jogoo, mtoto wa kiume anabeba shoka, na mke anabeba moto. Nyumba inasimama siku hiyo hiyo, moto unalala ndani, na nyinyi mnalala ndani. Mwanamke aliyebeba moto huo ndiye mwenye boma. Akibeba mwingine, huyo mwingine ndiye mke, na wewe ukija mwezi wako wa Machi utapokewa vizuri sana, kama mgeni.

Kwa hiyo umemwambia mwanangu aoe. Na umemwambia kwa moyo mweupe.

Mimi nilisema hujui. Baba yake alisema hujui. Lakini kuna mjomba mmoja hapa, na hapakosi mjomba, ambaye amekwisha kutaja msichana wa Seme, mwenye mikono ya kazi na asiyejua barafu. Nilimwambia anywe chai yake. Walter alisimama mbele yao wote akasema hatajenga mpaka wewe uje, hata ikipita miaka, na kwamba hatakuandikia kukuita, kwa sababu alikuuliza ukajibu, na hatakuwa mtu wa kukutoa kwenye masomo kwa kukuogopesha na desturi.

Hayo ni maneno mazuri ya mume. Lakini baba yake hana miaka. Hicho kikohozi si kikohozi. Tangu Novemba analala ameketi, mgongo ukutani. Anataka kuupanda ule mteremko na mwanawe kwa miguu yake mwenyewe, na miguu inakataa kidogo kidogo. Walter amenikataza kukuambia. Mimi sikusema ndiyo wala hapana, nilimsikia tu.

Kazi yako mimi siijui. Sitakuambia uiache, maana na mimi sipendi kuitwa kutoka shambani jembe likiwa juu. Wewe ndiye utaamua. Nilitaka tu ujue ulichosema, kwa sababu nimeona hukujua.

Anyango

(Mama amesema nisiweke salamu kwa sababu bado ana hasira. Lakini ameniambia nikuulize kama una blanketi la kutosha. Lornah.)


SIMU YA MAANDISHI
Naro Moru, 29 Januari 1974

WALTER AMOLO KARAKANA YA MELI KISUMU
NAKUJA. TAFUTA JOGOO. MOTO NITABEBA MIMI.
NEKOYE


Kisian
17 Februari 1974

Mke wangu Nekoye,

Barua yako ya tarehe 24 Januari imefika jana, baada ya wewe kuondoka. Ilipishana njiani na ile ya Mama, kisha nadhani ilizunguka Nakuru ikitazama mji. Nimeisoma nikiwa nimeketi ndani ya nyumba ambayo barua yenyewe inadai sikuitaka, nikila ugali uliopikwa kwenye moto wako, na nimeisoma yote. Ile sehemu ya kunigharimu imenichoma. Lakini ningekuwa wewe, na kupewa ile karatasi yangu ya mistari mitatu, ningeandika mabaya zaidi. Niliishia mistari mitatu kwa sababu wa nne ungemhusu Baba, na kama ungemhusu Baba usingekuwa tena na la kuchagua. Nilitaka uwe nalo. Sasa Mama ameniambia kwamba mwanamume anayeficha ugonjwa wa baba yake ili kumpa mkewe uhuru amempa uhuru wa kipofu. Hajaacha kuniambia. Huniambia hata nikiwa nje naye yuko ndani.

Nyumba inazidi kukauka. Kuta tulizokandika zimepasuka upande wa magharibi na Lornah anazirudia. Dirisha la jikoni linatazama ziwani, kama ulivyoona mwenyewe, ingawa Gordon alilipima na limekaa upande kidogo. Amekataa kulirekebisha. Anasema ziwa ndilo limekaa upande.

Hukuyasikia yaliyosemwa nyuma yako siku ile ya kuanzisha dala, kwa hiyo acha nikuhadithie. Ulipokuwa ukipanda na kile kigae cha makaa, macho yakikutoka machozi na wewe ukisisitiza kwamba ni moshi, yule mjomba alianza kusema kitu kuhusu wanawake wa kitabu na jinsi wanavyoshika moto kwa vidole viwili. Baba alikuwa amesimama ameegemea fimbo, pumzi imekwisha kabisa baada ya ule mteremko, nasi tulidhani hana nguvu ya kusema. Akamwambia, "Mwache. Huyu anaubeba moto kama mtu anayejua baridi." Mjomba akaenda kutafuta pombe.

Baba hakuingia ndani, si desturi. Aliketi nje mpaka moshi ulipotoka kwenye paa, akautazama, kisha akaomba arudishwe kwake. Siku hizi bado analala ameketi, lakini kwa kweli analala.

Sasa niambie na wewe ukweli, usinifiche kwa huruma kama nilivyokuficha. Umepoteza nini huko? Nipe jibu la kitaalamu.

Mumeo,
Walter


Kambi ya Bonde la Teleki
6 Machi 1974

Mume wangu mpendwa Walter,

Umeomba jibu la kitaalamu, nami nitakupa, kisha nitakupa lile jingine.

Nimepoteza mfuatano. Nilipofika kambini nilikuta theluji mpya, nzito, isiyo ya msimu, iliyoanguka nikiwa Kisian na kuifunika ile niliyokuwa nikiifuatilia tangu Desemba. Wakoli aliitazama ikishuka akiwa hana mtu wa kumshikia kamba. Anasema alikaa mlangoni mwa hema akiitukana kwa Kibukusu, lugha inayofaa kwa kazi hiyo. Mstari wangu unateremka vizuri hadi mwisho wa Januari, kisha hakuna kitu, kisha unaanza tena juu kabisa kama kwamba hakuna kilichowahi kutokea. Niliketi juu ya sanduku la ala nikaona mwaka wangu umezikwa. Sitaki tuzoee kusema, kwa kuwa mambo yameishia vizuri, kwamba hakikupotea kitu. Kilipotea. Nilijua kitapotea nilipokuwa nikiandika ile simu pale posta, na niliituma.

Sasa hilo jingine. Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nilianza kupima theluji mpya. Ilikuwa safi, niliyeyusha kiasi chake katika sufuria na kukichuja, na chujio likabaki jeupe. Nilitarajia ing'ae kwa muda mrefu kwa kuwa haikuwa na vumbi. Haikung'aa hivyo. Ilififia karibu kwa mwendo ule ule wa theluji ya Novemba, bila uchafu wa kulaumiwa. Niliichukua mkononi nikaitazama kwa kioo cha kukuzia: chembe zake, zilizokuwa ndogo kama unga, zilikuwa zimeshikana na kunenepa kama chumvi ya mawe. Nuru ilikuwa ikizama katikati yake. Naanza kuamini kwamba theluji huzeeka bila kuchafuliwa na mtu yeyote. Lau mfuatano wa kwanza haungekatika, ningeuchora hadi mwisho, ningelilaumu vumbi, na huenda ningepewa shahada kwa kulisingizia.

Huenda, lakini. Hili ni anguko moja la theluji, katika kiangazi kimoja, juu ya mlima mmoja. Nimejionya nisilipende sana.

Kuna onyo jingine nililojipa, nami naliandika hapa kwa kuwa kwa mdomo nitalizunguka. Kila tarakimu ninayoikuta juu ya barafu naihoji, nairudia, nainamisha ala upande huu na ule nione kama imenidanganya. Barua yako ya mistari mitatu sikuihoji hata mara moja. Wala sikuihoji yangu mwenyewe, nilipokueleza desturi za kwenu nikitumia za kwetu. Sijui kwa nini tunakuwa waangalifu hivi na vitu visivyoweza kuumia.

Mwambie Mama kwamba blanketi linatosha, ila sitakataa jingine.

Mkeo,
Nekoye


Kisian
8 Juni 1975

Mke wangu Nekoye,

Kwanza niambie wale wazee wa tasnifu wamekuamua namna gani. Mzee Wasike anaulizia kila jioni, na amekwisha kuwatangazia Kaloleni nzima kwamba umeshinda. Ikiwa umeshindwa, itabidi ahame.

Pili, nina mashtaka kutoka kwa Baba. Kama unavyojua, mwezi uliopita hatimaye nilitoa nyasi nikaweka mabati. Nyumba inapendeza. Lakini asubuhi jua likitoka upande wa mjini, mabati yanalirusha lote mpaka kwenye boma la Baba, moja kwa moja kwenye kiti chake. Amehamisha kiti mara kadhaa na nuru inamfuata. Anasema alinionyesha mahali pa kujenga akitarajia kuiona nyumba ya mwanawe, na sasa ni kitu pekee Kisian asichoweza kukitazama. Anauliza kama hiyo ndiyo elimu yako.

Gordon amejitolea kuyapaka rangi nyekundu ya meli iliyobaki karakana. Nimwambie aje?

Walter


Nairobi
19 Juni 1975

Mume wangu mpendwa Walter,

Mwambie Baba Wasike asihame. Wazee wa tasnifu wameketi jana alasiri tu, wakanipitisha, na masahihisho machache ambayo nitayamaliza kabla ya mwezi kwisha.

Mtahini aliyetoka nje ya nchi alifungua ukurasa wenye ule mstari na kuweka kidole mahali ambapo hakuna kitu. Msimamizi wangu alikuwa amenishauri tangu mwaka jana niziunganishe pande hizo mbili kwa vidoti, jinsi watu wengi wanavyofanya, ili jicho la msomaji lisianguke. Nilikataa, kwa sababu vidoti vingesema kwamba najua kilichotokea huko mlimani siku zile, nami sijui. Nilikuwa kwingine. Mtahini aliuliza, "Na hapa?" Nilikuwa nimejiandalia jibu la heshima, kuhusu sababu za kifamilia. Nikajikuta namwambia kwamba hapo nilikuwa nahamia nyumbani kwangu, na kwamba huko kwetu kazi hiyo haina msaidizi. Alisema pengo lililoachwa wazi lina heshima kuliko mstari wa kubuni, akafungua ukurasa mwingine akanitesa juu ya vumbi kwa muda mrefu sana. Bado sina hakika, nami nilimwambia hivyo. Nadhani ndiyo sababu alikubali.

Nitafika Kisumu Ijumaa ijayo kwa garimoshi la asubuhi. Nataka kulala, kula samaki, na kutosoma kitu chochote chenye majedwali ya tarakimu.

Kuhusu mabati, mwambie Baba kwamba nimepokea mashtaka yake na ninayaona kuwa ya haki. Elimu yangu inasema mabati mapya hayana tabia ya theluji, kwa hiyo siwezi kumwahidi lini yatafifia. Moshi wa jikoni na mvua za ziwa huenda zikayatuliza katika misimu michache, na huenda nimekosea. Kwa sasa ageuze kiti atazame ziwa. Wala Gordon asithubutu kupanda juu na hiyo rangi kabla sijafika. Nimeazima ala idarani kwa wiki mbili, na Baba ndiye atakayeishika wakati ninaposoma.

Mkeo,
Nekoye